Alama Kumi na Moja za Mlaza Wagonjwa

Mjinga wa siku ile ya mtihani alikuwa yeye, na hamsingizii mtu mwingine. Anakiri hivyo saa moja na nusu asubuhi, ameinamia mashine ya usingizi, kofia ya kijani imemshuka hadi kwenye nyusi, mkono mmoja unaukandamiza mfuko wa mpira kuona kama unavuja.

"Hewa haivuji," anasema kwa sauti. "Mtungi wa akiba umejaa. Mashine ya kufyonza mate inavuta."

Wagonjwa bado hawajaletwa. Ukimsikia anavyotangaza peke yake utadhani uzee umeanza kumchezea akili. Wala. Ana miaka hamsini na miwili, akili zake timamu, na anasomea shahada ya uzamili ya uuguzi wa usingizi. Darasani wako kumi na wanne, na anayemfuata kwa umri ana miaka thelathini na mmoja.

Hospitalini wanamwita Lala Salama. Kwa miaka kumi na tisa, hayo ndiyo maneno pekee ambayo mgonjwa aliyasikia kutoka kwake kabla hajafumba macho. Ameshalaza watu zaidi ya elfu tisa kwa dawa ya usingizi. Nyumbani nako mambo yalikuwa yale yale. "Alipokuja kuniposa aliongea mjomba wake," anasema mkewe, fundi cherehani. "Yeye alikula, akashukuru, akaondoka."

Kilichomrudisha shule ni kanuni mpya. Asiye na uzamili hataruhusiwa kulaza watoto wachanga wala kuongoza kitengo. Atafanya kazi chini ya msimamizi.

"Nisimamiwe kwenye kazi niliyowafundisha hao wasimamizi?" anauliza. "Nikasema karatasi tu hiyo, ngoja nikaichukue."

Karatasi ikamgomea. Kwenye mtihani wa vitendo wa muhula wa kwanza alimkuta mtahini ni binti ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi hiyo miaka kumi iliyopita.

"Shikamoo mwalimu," binti akasema.

Lala Salama akaitikia marahaba, moyoni akijua chai ataiwahi ikiwa moto. Akaliendea sanamu la mafunzo, akaitupia mashine jicho, akavaa glavu, akachagua dawa, akaupitisha mpira wa kupumulia kooni kwa sekunde kumi na moja. Akageuka kupokea pongezi.

Akapewa alama kumi na moja kati ya arobaini.

"Nilitoka jasho kama vile nimelibeba lile sanamu mgongoni," anasema. Alimfuata mtahini ofisini, akafunga mlango, hata kiti hakukitaka.

"Mwanangu, ulikuwa unaniangalia mimi au unaangalia simu?"

"Nilikuangalia wewe, mwalimu. Mtihani unataka useme unakagua nini, na kwa nini umechukua dawa hii ukaiacha ile. Hukusema hata neno moja."

"Lakini wewe unajua kwamba najua."

"Mimi najua. Nilikaa kwako miezi minane nachungulia mikono yako, nakisia. Wenzangu wawili walikisia wakashindwa, wakaacha kazi. Unawakumbuka?"

Aliwakumbuka. Miaka yote hiyo alikuwa akisema wale wawili vichwa vyao vilikuwa vizito. Siku ile alirudi nyumbani mdogo kama kidonge cha piriton.

Alipewa wiki sita ajiandae kurudia. Akianguka tena, chuo basi. Mkewe akajitolea kuwa mgonjwa. Jioni baada ya jioni alijilaza kwenye kochi, tepu ya kupimia bado iko shingoni, na kila mume aliporuka hatua, maiti akafufuka.

"Hujaniuliza kama nina meno ya bandia."

"Mama, meno yako si nayajua?"

"Mkeo yuko kwenye cherehani. Mimi ni mgonjwa. Uliza."

Aliporudia alipata thelathini na sita. Tangu hapo mdomo haujafungwa tena, na hajutii. Mwezi uliopita, akiwa kazini, alitaja kwa sauti dawa aliyokuwa anaivuta kwenye sindano. Muuguzi mgeni, wiki ya pili tu kazini, akamwambia taratibu, "Mzee, ukurasa wa pili wa faili unasema hiyo inamvimbisha mgonjwa koo."

"Ukurasa wa pili sikuufunua," anasema, wala hatafuti kona ya kujificha. "Ningekuwa yule wa zamani, ningemchoma mtu sindano ile kwa mkono mtulivu kabisa."

Hilo ndilo amelifanya tasnifu yake: katika upasuaji mia mbili, kila kitu kitajwe kwa sauti kabla mgonjwa hajalala, kisha ahesabu ni makosa mangapi yamenaswa. Akihitimu anataka kufundisha wageni wa kitengo, safari hii kwa mdomo. Kilichobaki ni sahihi moja kwenye fomu ya kibali, ya daktari wa upasuaji ambaye wamefanya kazi pamoja tangu siku ya kwanza. Bila sahihi hiyo hakuna utafiti, na bila utafiti hakuna shahada. Mwisho wa kupeleka fomu ni leo saa sita mchana.

Daktari anaingia, anaisoma fomu amesimama, anairudisha juu ya meza.

"Dakika mbili kwa kila mgonjwa," anasema. "Leo wako sita, hizo ni dakika kumi na mbili za kupiga domo. Mzee mwenzangu, miaka yote hii tumefanya kazi kimya, na watu wanatoka hapa wanatembea kwa miguu yao. Shule imekugeuza redio."

"Umemaliza, daktari?"

"Nimemaliza. Nipe sababu moja tu ya kusaini."

Lala Salama anamsogezea kalamu.

"Ratiba ya Jumatano ile pale ukutani, wa kwanza kupasuliwa ni wewe na ngiri yako. Nikulaze kimyakimya, au nikulaze kwa sauti?"