Gari Lisilovutwa kwa Kamba

Mola humpa kila mja riziki yake na mahali pa kuitolea jasho. Fundi ambaye mtaa mzima ulimwita Platini aliipata yake chini ya boneti. Kwa miaka arobaini na mitano hakumruhusu kiumbe yeyote kugusa vifaa vyake, na mkewe, fundi cherehani, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukatazwa.

Siku hiyo wote wawili walikuwa kazini kwenye filamu ya mashindano ya magari ya zama za ujana wao; mke alishona ovaroli za madereva, mume alitakiwa kuliamsha gari la mshindi, ambalo rangi yake iling'aa ilhali injini imelala. Mwongozaji, binti asiyefika miaka thelathini, alikwishatoa hukumu: ikifika saa tisa halijawaka, litavutwa.

"Kamba tutaifuta kwenye kompyuta, baba. Nani atajua?"

"Gari la kuvutwa huinamisha pua kama mbuzi anayeburutwa mnadani, mwanangu. Linalokwenda kwa nguvu zake huiinua. Waliokuwepo wangali hai."

Ubovu aliujua: platini, vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili cheche ipatikane, vilikaribiana mno. Lakini mikono ilimtetemeka. Uzee hauna dawa. Mara tatu bisibisi iliteleza kwenye skrubu. Saa nane na dakika arobaini.

"Nipishe," mkewe akasema.

"Hii si sindano."

"Sindano ni ndogo kuliko hiyo, na hujaniona nikijichoma."

Platini aliitazama saa, akautazama mkono wake, akampa bisibisi.

"Legeza. Achanisha kidogo. Kidogo, mama! Hufungui gunia!"

"Ukinifokea nakwenda zangu."

"Haya, samahani. Unywele mmoja tu. Hapo hapo. Kaza."

Injini ilikohoa, ikazima. Wakaongeza unywele mwingine. Saa tisa kasoro dakika mbili ikanguruma, na gari likapita mbele ya kamera pua juu, vumbi likilifuata.

"Safi sana!" mwongozaji akapaza sauti. "Turudie, jua likiwa hivi hivi!"

Lakini liliporudi lilikuwa likikwamakwama. Platini alifungua boneti, akasogea pembeni.

"Mama watoto, njoo. Skrubu hukuikaza."

"Nimeikaza ulivyoniambia," alijibu mkewe, mkono tayari ndani ya sanduku la vifaa.

"Basi nilikosea mimi. Anza upya."