Mchango wa Kumwokoa Bosi

Habari yote hii ilinigharimu milioni moja, laki tisa na elfu themanini, ukiacha jogoo. Nimehesabu mara mbili, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani hesabu zikatae kulingana. Mishahara ya miezi minne, laki nne na ishirini kila mwezi, inakula sehemu kubwa. Laki tatu zilizobaki si zangu. Ni za mama yangu, na ndizo zinazoninyima usingizi.

Kabla ya kuajiriwa nilikuwa nauza mitumba sokoni Majengo. Kampuni ilinichukua kwa sababu ya mdomo. Walikuwa na programu ya kutunza hesabu za maduka: mwenye duka anafungua simu, anaona kilichouzwa, kilichobaki, na nani anamdai nani. Vijana wa kompyuta waliisuka vizuri, ila hawakujua namna ya kumuuzia muuza mbolea kitu asichoweza kukishika. Mimi nilikuwa naingia dukani, nanyanyua daftari la madeni pale kaunta, nalipima uzito mkononi, halafu namwambia mwenyewe, "Hili likilowa, umefilisika." Wengi walilipa ada palepale.

Bosi wetu alikaa Dar es Salaam na kututembelea mara mojamoja. Safari ya mwisho alitukuta tuko mwezi wa pili bila mshahara. Alituketisha akasema kampuni ni familia, na kwenye familia kuna vipindi. Sisi, kwa kuwa mgeni hasindikizwi mikono mitupu, tukamfungia jogoo kwenye buti ya gari. Nilimnunua mimi, elfu ishirini na mbili, baada ya kuikataa bei ya mwenye jogoo mara tatu. Bosi akashukuru sana. Ndiyo malipo pekee yaliyofanyika siku ile, na tulilipa sisi.

Mwezi wa nne bila mshahara ukaisha. Ndipo fundi mkuu wa programu, kijana mpole anayesema kama anaomba radhi, akatuambia kwamba seva itafungwa. Seva ni kompyuta ya kupanga, iko ng'ambo huko, na humo ndimo zilimokaa hesabu za wateja wetu wote. Pango lilikuwa limelimbikizwa hadi milioni mbili na laki moja. Bosi alisema hana, ila ikiwaka hadi wateja walipe ada ya mwaka, mishahara yote itatoka siku moja.

Watu wa kwingine wangegoma. Sisi tukaunda kamati. Hapa mtu akifiwa tunachanga, akioa tunachanga, mtoto akipata kipaimara tunachanga, na kundi la WhatsApp linafunguliwa kabla chai haijapoa. Hakuna aliyesema neno mgomo. Tulikuwa saba, kila mtu laki tatu. Mimi nikapewa uweka hazina, kwa maelezo ya fundi kwamba dada huyu hata chenji ya daladala anaihesabu akishuka na akifika nyumbani. Yeye fundi aliweka rehani kompyuta yake mwenyewe, akawa anaiokoa programu kwa mashine ya kuazima.

Mimi sikuwa na kitu. Nilimpigia mama kijijini Lusewa, si kwa kuomba, ni kwa kulalamika tu, maana mama ndiye mtu pekee ninayemlalamikia bila kupunguziwa bei. Akaniuliza hiyo seva ni nini. Nikamweleza.

"Kwa hiyo mnadaiwa pango," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na wenzako wamechanga?"

"Wamechanga."

Nilisikia kuku wake. Halafu akasema, "Kazini kwako ni kwenu, mwanangu. Kwenu kukiwaka moto, usiwe wa mwisho kuleta ndoo."

Jioni simu ikalia: laki tatu. Nilijua zimetoka wapi kabla sijaufungua ujumbe. Ilikuwa hela ya mbolea ya kukuzia, mifuko minne ya elfu sabini na tano, ambayo kila mwaka ananitumia mimi ninunue mjini kwa sababu mimi ndiye ninayejua kupatana. Nilipompigia kuirudisha alikataa. Mchango ukishatoka mkononi, alisema, haurudi na mguu uleule. Na mvua bado, mbolea ya kukuzia ina muda, mishahara itatoka kabla.

Seva ikawaka. Wateja wakalipa ada. Ada ikaenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kampuni Dar, na benki iliyokuwa inamdai bosi ikaichukua yote. Baada ya hapo simu ya bosi ikawa inaita bila kupokelewa. Seva ikazimika tena, na mwenye nyumba akafunga ofisi kwa kufuli kubwa kuliko mlango.

Tulikwenda kwa afisa kazi, sote saba, tumevaa kama tunakwenda kanisani. Alitusikiliza vizuri. Mishahara tuandike dai, akasema, ila tusitegemee haraka, kwa kuwa kampuni haina mali zaidi ya viti na benki imetutangulia. Kisha akafika kwenye laki tatu tatu.

"Mlimkopesha?"

"Tulichanga," nikajibu.

Akaweka kalamu chini. "Dada, ukichangia msiba, wakishazika unakwenda kudai?"

"Huyu marehemu wetu bado anaweka picha WhatsApp, mheshimiwa. Jana alikuwa anakula kamba wakubwa."

Wenzangu walicheka, na yeye alicheka, na hakuna kilichobadilika. Hakukuwa na makubaliano, hakukuwa na tarehe ya kurudisha. Katika maisha yangu yote sijawahi kununua hata soksi bila kuuliza kama zinarudishwa, na siku ile nilikusanya fedha za watu saba bila kuuliza, kwa kuwa mchango hauulizwi hivyo.

Nikabaki na njia moja: kukopa mbolea. Nilikwenda kwa muuza mbolea wa Majengo, mteja wangu wa kwanza kabisa. Nilimkuta ameinama kwenye daftari jipya, anajaribu kukumbuka nani anadaiwa nini. La zamani liliishia kufungia vitumbua, tangu siku ile nilipomwambia mashine haisahau.

"Mifuko minne tu," nikamwambia. "Nakulipa mwezi ujao."

"Dada yangu," akasema bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza, "madeni ya watu mia umeyafungia huko ng'ambo. La mia na moja niliandike wapi?"

Sikupatana. Nilitoka.

Mama alipiga simu juzi. Mahindi yamefika magotini, akasema, mvua ni nzuri. Nilipombana akakiri kwamba majani ya chini yameanza umanjano. Hakuulizia mbolea. Aliulizia bosi, kama mtu anavyoulizia mgonjwa: amepata nafuu? Nikasema bado kidogo. Akasema atamwombea kwenye sala za jumuiya.

Nilipokata simu nikamwandikia bosi. Shikamoo, bosi. Mishahara tutaongea wakati mwingine, naomba tu laki tatu ya mama yangu, ni hela ya mbolea. Tiki zikageuka bluu. Nikasubiri. Sokoni tulifundishana kwamba muuzaji hashushi bei mpaka mteja aseme neno, lakini huyu hasemi, na mahindi hayasubiri. Nikashuka mwenyewe: laki moja na nusu, bosi, mifuko miwili, nyingine nimesamehe. Bluu.

Leo asubuhi nimeandika tena. Shikamoo, bosi. Mfuko mmoja ni elfu sabini na tano. Ukinitumia hata sabini, tano nitaongeza mimi, na nauli ya kuufikisha Lusewa ni juu yangu. Naomba kabla ya Jumamosi.