Karatasi niliyoibandua kwenye ubao wa mashabiki, Maganzo

Wakuu, heshima kwenu. Tangu mods wafute ule uzi wa mashabiki kwenye jukwaa la muziki, wengi mnasema shabiki aachwe aseme lolote. Nami niliamini hivyo. Naomba nieleze nililoliona, bila kutia chumvi.

Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu Maganzo. Intaneti hatukuijua. Tulikuwa na ubao nje ya duka la kanda la Bhai Shiraz, mashabiki wa ngoma wakibandika maoni yao.

Kwetu Usukumani, baada ya mavuno makundi mawili hucheza uwanja mmoja, siku moja. Kundi linalovuta watu wengi ndilo mshindi. Kutukanana kwa nyimbo ni ruksa, na tusi hujibiwa kwa tusi. Basi ubao nao ulikuwa na sheria moja: karatasi haibanduliwi. Upande unaobandua umekiri kushindwa. Msimamizi nilikuwa mimi.

Mwaka mmoja Masanja, manju wa kundi nililolishabikia, yaani mtunzi na mwimbaji wake mkuu, alikaukiwa na sauti katikati ya mashindano. Kesho yake asubuhi nikakuta karatasi ubaoni: sauti ya Masanja imechukuliwa na Mama Kabula, yule mjane anayekaa jirani na uwanja. Tazameni macho yake.

Yalikuwa mekundu kwa moshi wa jiko, miaka na miaka. Wenyeji wa Usukumani mnajua macho hayo yaliwaponza vipi bibi zetu: waliitwa wachawi, wakauawa.

Nikausogelea ubao.

Nilipoinua mkono, Luhende, shabiki mwenzangu aliyeiandika, akacheka.

"Mwalimu, ukibandua tumeshindwa sisi."

"Basi tumeshindwa."

"Na hao utawaambia hivyo?"

Nyuma yangu vijana walikuwa wakisoma. Wawili walishika fimbo.

Nikabandua kwa nguvu hata karatasi ikachanika. Vijana wakaondoka na fimbo zao. Bhai Shiraz akatoka na funguo za pikapu.

"Ubaoni umetoa, Mwalimu. Vichwani mwao utatoaje? Panda."

Tulimkuta Mama Kabula akipeta mtama.

"Nimekosa nini, baba?"

Nikamwomba afungashe vitu vyake, tuondoke. Alikataa kuacha kuku wake, tukawapakia nao, tukampeleka kwa binti yake, Chato.

Matusi ya mashabiki yaachwe, wakuu. Ila tuhuma inayoweza kumuua mtu ambaye hata hayupo jukwaani kujitetea, mod aifute, asingoje tupige kura. Mwenye hoja tofauti aiweke hapa, nitaisoma.

Nyumba ya Mama Kabula ilichomwa siku ileile. Hakukuwa na mtu ndani.