Kidole cha Mpira Kilichomwita Mama

Kwa miaka tisa Fundi Mpira, kama wenzake wa maabara walivyomwita, alikuwa akichanganya silikoni na kuitandaza iwe nyembamba kama utando wa maziwa. Alitafuta mpira utakaojikunja kwa umeme kidogo tu, maana mipira ya zamani ilitaka umeme wa kuangusha ng'ombe ndipo itikisike. Mama yake aliwaambia majirani kwamba bintiye anatengeneza maputo.

Siku moja mama akaja kazini kujionea mwenyewe. Fundi akaweka mezani kidole cha mpira, akakiunga na betri ya tochi. Kimya. Akakaza waya, akafuta jasho. Kimya vilevile.

"Mwanangu, kimelala," mama akasema kwa huruma, akachukua mkoba wake aende zake.

Hapo kidole kikajikunja taratibu, kikanyooka, kikajikunja tena, kama mtu anayemwita mwenzake.

"Abee!" mama akaitika, akarudi mbio.

Maabara nzima ikaangua kicheko, na Fundi akacheka huku machozi yanamtoka. Mama hakucheka. Alikitazama kidole kwa heshima, kisha akamnong'oneza bintiye, "Hebu muulize anataka nini."