Valvu Zilizoogeshwa

Siku ya kwanza Shangazi kuingia katika duka la vipuri la Mali Safi, hakujali redio tatu zilizopangwa kwenye kaunta zing'ae mbele ya wateja. Aliinama, akachungulia chini ya kaunta, akauliza lile fundo la nyaya linauzwaje. Mali Safi akampa kwa bei ya kutupa, huku akicheka kimoyomoyo kwamba takataka imepata mwenyewe. Katikati ya fundo mlikuwa na swichi ya shaba, nzima kabisa, ya aina aliyokuwa akiitafuta Mali Safi mwenyewe mwaka mzima. Shangazi alimwonyesha akiwa ameshafika mlangoni. Tangu hapo Mali Safi akajiwekea sheria: huyu mama akikitupia kitu jicho, usimuuzie mpaka na wewe umekitazama mara mbili.

Watu wote walimwita Shangazi, hata waliomzidi umri, kwa sababu watoto wa mdogo wake ndio waliokuwa wakiitangaza bendi ya familia mitaani, na mpiga gitaa wao hawakumjua kwa jina lingine. Kabla ya kustaafu alikuwa fundi wa mitambo ya simu: miaka ishirini na saba ya kusikiliza laini za watu akitafuta wapi panakwaruza. Alikuwa hodari wa kusikia na mvivu wa kusifu. Amplifaya yake ilikuwa ya kizamani, ya valvu, zile chupa za kioo zenye pini miguuni ambazo huwaka ndani ya redio za kale. Ilikuwa nzito kama kabati la nguo, na ukiiwasha ilikuwa lazima uisubiri ipate moto ndipo iseme neno. Lakini gitaa likipita humo lilitoka nene na lenye mkwaruzo kidogo, na Shangazi alisema hiyo ndiyo sauti yake. Hizo nyingine ni simu.

Mdogo wake, kiongozi wa bendi, aliichukia amplifaya hiyo kwa sababu ndiye aliyekuwa akiibeba. Jumatatu, valvu mbili kubwa zinazosukuma spika zilipokata roho katikati ya mazoezi, hakuificha furaha yake. Alikwenda moja kwa moja kwa Mali Safi wakapatana: ikifika Ijumaa saa sita mchana amplifaya ikiwa bado bubu, analileta hilo jumba la dada yake dukani, naye anaondoka na amplifaya mpya, nyepesi, iliyokuwa rafuni. Mali Safi alikubali hata kabla hajamaliza kusema. Alimjua mtu ambaye angelichukua lile kuukuu hata likiwa bubu, tena kwa shukrani.

Jumatano Shangazi akaja. Alikuwa amesikia kuwa Mali Safi ana boksi la valvu arobaini, alizozitoa kwenye karakana ya redio iliyofungwa. Mali Safi akalileta kwa madaha, akafunua kitambaa. Valvu zilimeremeta kama glasi za wageni. Shangazi akaichukua moja, akaigeuza. Akachukua ya pili, na ya tatu.

"Namba ziko wapi, baba?"

"Namba gani?"

"Valvu huandikwa aina yake kwenye kioo. Hizi umezifanya nini?"

"Nimeziogesha," Mali Safi akasema. "Kwa sabuni na mswaki. Zilikuwa na masizi, Shangazi. Mimi simpi mteja kitu kichafu."

Shangazi alivuta stuli akakaa, akacheka mpaka akavua miwani. Mali Safi alijikaza kisabuni, lakini kichwani alikuwa tayari anapiga mahesabu. Bila namba, boksi zima ni chupa tupu. Hakuna fundi atakayeligusa. Lakini bila namba Shangazi naye atapapasa tu, na Ijumaa haiko mbali. Akamwambia achague mbili azitakazo, ila hakuna kujaribu wala kurudisha, akishazichukua amezioa.

Shangazi alikuja na lake. Angekaa hapo dukani azirudishie valvu zote majina yao, moja moja, na kuzibandika karatasi. Malipo yake yawe valvu mbili, zozote atakazozipenda. Mali Safi akaligeuza jambo hilo pande zote na hakuona pa kuumia, akaongeza sharti: mbili hizo zichukuliwe mwisho, baada ya kila valvu iliyomo dukani kupata jina. Shangazi akasema sawa. Wepesi aliokubali nao ulimwasha Mali Safi hadi jioni.

Alhamisi amplifaya ililetwa kwa mkokoteni, na kaunta ikageuka kliniki. Shangazi alizitenga kwa idadi ya miguu, kisha akachungulia ndani ya kioo kwa lenzi, akilinganisha na kitabu chake cha kazini kilichochakaa. Moja ilikuwa imegeuka nyeupe utosini kama maziwa. Mali Safi alikuwa akiionea fahari kuliko zote. Shangazi akamwambia imeingiza hewa, ni marehemu, aizike.

Kubwa zenye kufaa zilipatikana tatu tu. Alimweleza Mali Safi kwamba hizi hufanya kazi mbilimbili, tena pacha. Mmoja akivuta umeme kuliko mwenzake ataungua, na transfoma itamfuata. Akazipima kwa mita. Ya kwanza ikasoma thelathini na tano. Ya pili ilipanda hadi hamsini na mbili, na bati la ndani likaanza kuwa jekundu kama kaa la moto.

"Chukua hiyo, Shangazi. Ndiyo inayowaka vizuri."

"Haiwaki, baba, inaungua," Shangazi akasema, akachomoa plagi. Ya tatu ikasoma thelathini na sita.

Ijumaa saa nne asubuhi karatasi ya arobaini ilibandikwa. Shangazi aliponyoosha mkono kuwachukua pacha wake, Mali Safi alikuna kichwa, akaingia stoo, akatoka na boksi jingine lenye valvu nyingine ishirini. Akasema alikuwa amelisahau, na makubaliano yalisema kila valvu iliyomo dukani. Alisema akitazama saa ya ukutani.

Shangazi akalifungua. Vumbi likawarukia wote wawili. Akatazama ndani, akalisukuma boksi upande wa pili wa kaunta.

"Soma mwenyewe, baba. Hizi bado hujaziogesha."

Namba zote zilikuwepo, nyeupe, chini ya masizi. Mali Safi alizisoma moja moja kwa sauti, akipiga chafya, huku Shangazi akikaza soketi. Mdogo wake alipofika saa sita na mkokoteni, gitaa lilikuwa linasikika mpaka kwa kinyozi wa jirani. Alisimama mlangoni akaitazama ile nyepesi rafuni kwa muda, kisha akakunja mikono ya shati, akaanza kubeba.

Mali Safi aliikosa amplifaya, ila valvu zake zenye majina zilipata mafundi kabla mwezi haujaisha. Shangazi alipata sauti yake. Lakini tangu Ijumaa ile, valvu kubwa zikipita mikononi mwa Mali Safi, huzipima kwa mita na kuziweka pembeni mbilimbili, na masizi yake hivyo hivyo. Na Shangazi akija kuulizia, bei huanzia juu kabisa, kwa kuwa muuzaji sasa anajua anachouza, na aliyemfundisha ni yeye.