Mhudumu wa Meli Alivyomchagulia Mama Chumba Asichokitaka

Saa mbili asubuhi, mlango wa chumba namba 214 uko wazi na Shazli Mirghani amepiga magoti akitafuta kipuli cha mgeni chini ya kitanda. Mwenye kipuli, mama mmoja wa Kifaransa, yuko ndani ya basi gatini na dereva anapiga honi. Shazli anakipata kwenye zulia, nyuma ya mguu wa kitanda, anakimbia nacho ngazi mbili, kisha anarudi akihema. Vyumba kumi na kimoja bado vinamsubiri, na wageni wapya wanaingia saa sita.

"Chumba chenye roshani kina kazi mara mbili," anasema huku akikung'uta foronya. "Vumbi la jangwani, mavi ya ndege, majivu ya sigara, vyote juu yangu. Cha chini hakina roshani, kwa hiyo hakina uchafu. Lakini hakuna anayekitaka."

Shazli ana miaka 51. Ishirini na mitatu kati ya hiyo ameimalizia kwenye meli hii ya kitalii, inayokwenda na kurudi ziwani kati ya bandari ya Bwawa Kuu, nje kidogo ya Aswani, na Abu Simbel. Meli ina vyumba hamsini na viwili, vya aina tatu. Sitaha ya juu kuna vyumba vikubwa vyenye sebule, ambavyo wahudumu huviita vya bwana harusi. Katikati kuna vyumba vya roshani. Chini kabisa, jirani na injini, kuna kumi vyenye dirisha lisilofunguka, na sakafu yake iko chini ya usawa wa maji.

Mgeni akimwuliza achague kipi, Shazli hapepesi macho. Anayechafukwa na tumbo haraka achukue cha katikati ya meli, kwa sababu hakiyumbi sana. Mwenye usingizi mwepesi akae mbali na jiko, maana wapishi hawajui kushika sufuria kwa adabu. Wanaonuniana walipie sebule, ili mmoja apate pa kulala.

Mwenyewe hulala kwenye kitanda cha ghorofa pamoja na wenzake watatu, nyuma ya chumba cha kufulia. Mshahara wake ni pauni elfu saba na mia tano kwa mwezi, mbali na bahashishi. Safari moja ya chumba cha roshani ingemeza mishahara yake ya miezi mitano, na hajawahi kupoteza muda kuiwaza.

Mwaka huu amelazimika kuiwaza. Kampuni yao ina desturi moja ya ukarimu. Mfanyakazi aliyetimiza miaka ishirini anaruhusiwa kumleta mzazi au mwenza wake bure, safari moja tu, katika miezi ya joto kali ambapo nusu ya vyumba huwa vitupu. Mkewe Samiha ndiye aliyeamua nani apande. Alisema yeye bado ana magoti, mama mkwe hana, kwa hiyo hakuna cha kujadili.

Mama huyo ni Hajja Nabra, mwenye miaka 75. Alizaliwa Ankedi, kijiji cha Wanubi kilichokuwa ukingo wa mashariki wa mto. Alikuwa na miaka kumi na minne maji ya bwawa yalipopanda. Walipakiwa kwenye meli ya mvuke wao na mbuzi wao, wakapelekwa karibu na Kom Ombo, kwenye nyumba za saruji zilizopangwa mstari. Kijiji kipya kikapewa jina lilelile la Ankedi. Kaburi la baba yake likabaki kule, na ziwa likalifunika.

Hajja hajawahi kurudi. Daktari wake amemwambia kwamba kuanzia Septemba atakuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa sababu figo zimechoka. Baada ya hapo hakuna safari ya siku nne itakayowezekana. Asipokwenda mwezi huu wa Agosti, haendi tena.

Ndiyo maana Shazli alichagua kwa makini kuliko alivyowahi kumchagulia mgeni yeyote. Meli inapotoka Aswani hupita Ankedi kabla hakujapambazuka, giza tupu. Inaporudi hupita saa tano asubuhi. Akamkatia mama nafasi ya safari ya kurudi, apandie Abu Simbel, chumba 118, chenye roshani, mahali pasipoyumba, kwenye ujia wa mashariki. Siku ya Ijumaa akampelekea karatasi nyumbani, kifua mbele.

Hajja hakuuliza habari za roshani. Aliuliza, akiwa amelala kitandani, jua litamtokea wapi. Shazli akacheka, akamwambia kwamba kwenye meli watu huuliza choo, hawaulizi jua.

"Nijibu, Shazli. Ankedi jua lilitokea nyuma ya nyumba yetu. Nikiwa kwenye hicho chumba chako, litatokea wapi?"

Akaitazama karatasi. Akaigeuza. Akaigeuza tena, akaona kosa lake.

Kosa lenyewe ni la wahudumu wa meli hiyo peke yao. Ujia wa kushoto wanauita ujia wa mashariki, kwa kuwa meli ikitoka Aswani kwenda kusini, mashariki iko kushoto. Meli ikigeuza, jina haligeuki. Safari nzima ya kurudi, ujia wa mashariki hutazama magharibi, na wao huendelea kuuita hivyo hivyo na kutumana huko mashuka na sabuni.

"Litatokea upande wa mlango, Mama," Shazli alikiri.

"Kwa hiyo umenipeleka kutazama watu wa ng'ambo. Sisi hata mbuzi wao hatukuwataka."

Kesho yake alikuwa ofisi ya tiketi ya Aswani, mbele ya meza ya Inas, karani wa vyumba. Inas alipekua orodha yake mara mbili. Joto au si joto, karibu upande wote wa pili, toka sitaha ya juu hadi ya chini, ulikuwa umeshikwa na kundi la Wajerumani, waliolipa tangu Januari. Shazli akambembeleza awahamishie ujia mwingine, kwani maji ni yale yale.

"Kaka Shazli, hao wamelipa," Inas alimjibu kwa upole. "Wewe ni mgeni wa bure. Upande huo nimebakiwa na namba tisa, basi."

Namba tisa iko chini. Inapakana na injini. Shazli anasema aliona haya kurudi nyumbani, na mara ya kwanza katika maisha yake alichukia kazi yake. Amewapa maelfu ya watu usingizi mzuri, na sasa anambakizia mama yake mzazi chumba ambacho wageni wakionyeshwa hugombana na mapokezi.

Alimweleza Hajja yote mawili bila kuficha. Kuna 118, chenye roshani na hewa, isipokuwa kinatazama upande wa ng'ambo. Kuona Ankedi itabidi apande ngazi hadi juu, na magoti hayo anayajua mwenyewe. Na kuna namba tisa, upande unaotakiwa.

"Ila ni kibaya, Mama. Kunanguruma, dirisha halifunguki, na ukilala kitandani unakuwa chini ya maji."

Hajja alikuwa akikoroga chai. Akaacha.

"Chini ya maji kabisa?"

"Maji yanaishia chini ya dirisha. Kitanda kiko chini yake."

"Baba yangu yuko chini ya maji miaka sitini na moja," alisema Hajja. "Nikatie hicho."

Samiha anasema mumewe alitoka nje kuangalia bomba ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Safari ni tarehe kumi na mbili Agosti. Nahodha amekubali kupunguza mwendo hapo, ingawa kwenye ramani yake jina la Ankedi limeandikwa juu ya eneo pana la maji matupu. Yeye anajua kina, nyumba za watu hazijui. Msimamizi amempa Shazli ruhusa ya saa moja, ambayo ni ya kwanza kuiomba akiwa kazini.

Anapomaliza kutandika 214, Shazli anakaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo mhudumu haruhusiwi kulifanya. Anasema kuna neno hajawahi kumwambia mtu. Yeye alizaliwa Ankedi mpya, kwenye saruji. Miaka ishirini na mitatu wageni wakimwuliza kijiji cha wazazi wake kilikuwa wapi, huwaonyesha kilima chenye ncha mbili ufukweni, nao hupiga picha.

"Hakuna aliyenionyesha mimi. Nilikichagua kwa sababu ni kizuri. Siku hiyo nitakaa sakafuni, pembeni ya kitanda chake, nisubiri anyooshe kidole dirishani. Na kama ni kilima kingine, nataka nikijue yeye bado yupo."