Beseni la mwisho pale Kituku

Juzi asubuhi, pale soko la samaki la Kituku, lilibaki beseni moja la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na mama watatu walilitaka. Asiyelipata angekosa cha kuuza siku hiyo. Wakakubaliana kurusha vipande viwili vya katoni nyeupe, vilivyopakwa makaa meusi upande mmoja. Vikilala vyeusi vyote, mkubwa wao achukue. Vyeupe vyote, mama mjamzito. Vikichanganyika, mama wa kitenge cha manjano.

Mkubwa alipotaka kurusha, mjamzito akamshika mkono. "Ngoja kwanza! Kuchanganyika kuko na njia mbili: cha kwanza cheusi, cha pili cheupe, ao kinyume. Sisi tuko na moja-moja. Wewe mama wa manjano uko na nusu nzima!"

"Miye siko mwizi," yule akacheka. "Mulinipa mabaki, nikanyamaza."

Wakarekebisha. Virushwe kimoja kimoja: cheusi kisha cheupe, beseni ni la mama wa manjano; cheupe kisha cheusi, warudie. Sasa kila mmoja alikuwa na njia moja.

Kikaanguka cheusi, halafu cheupe.

Wenzake wawili wakamtwisha mama wa manjano beseni, huku wakimtania. Kwa kanuni ile ya kwanza wangemnunia mpaka jioni. Samaki ni wale wale, mshindi ni yule yule, lakini hesabu ilikuwa imewapa wote nafasi sawa ya kushindwa.